Asali ya Mjomba na Neno Hapana

Jumapili, saa moja na nusu asubuhi. Makanyagio.

Mvua imeanza alfajiri na bado inadondoka, ile mvua nyembamba isiyo na haraka ya kwenda popote. Mahindi ya mama nyuma ya nyumba yamelalia upande mmoja. Jembe lake liko palepale lilipomponyoka Jumanne, mpini umeloa mpaka umekuwa mweusi. Kila siku napita hapo na sijaliokota.

Naogopa.

Nimeliandika neno hilo peke yake kwa sababu kila nikijaribu kuanza na sentensi nyingine najikuta nazunguka. Naogopa mama yangu ataanguka tena. Naogopa pia kupoteza kazi. Na kinachoninyima usingizi ni kwamba maneno yanayoweza kumkinga mama ndiyo hayohayo yanayoweza kunifukuzisha mimi.

Nieleze taratibu, maana hata mimi mwenyewe nataka kuyaona yakiwa yamepangwa.

Mimi ni karani wa kumbukumbu za wagonjwa katika hospitali moja hapa mjini Mpanda. Jina lake sitalitaja. Mgonjwa akifika, kabla ya kumwona daktari anapita dirishani kwetu. Tunatafuta faili lake, tunaweka ndani fomu ya siku hiyo, na kwenye fomu kuna maswali tunayotakiwa kumuuliza. Je, ana mzio wa dawa yoyote? Anavuta sigara? Anakunywa pombe? Anatumia dawa za asili, miti shamba au virutubisho vyovyote? Mbele ya kila swali kuna Ndiyo na Hapana. Chini kabisa kuna saini ya karani.

Siku yangu ya kwanza, miaka miwili iliyopita, niliuliza maswali yote kwa kila mtu. Foleni ikafika getini. Dada Zuhura, niliyemkuta dirishani na ndiye aliyenifundisha kazi, alinivumilia mpaka jioni. Tulipokuwa tunafunga akavuta rundo la fomu tupu, akalikata katikati kama anagawa karata, nusu kwake, nusu kwangu.

"Tia tiki Hapana zote," akasema. "Kesho wakija unaandika jina tu."

Nikamuuliza, je, kama mtu anatumia?

"Mdogo wangu, mbele ya foleni nzima mtu aseme anakunywa mizizi? Wenyewe watasema hapana. Sisi tunawasaidia tu kusema mapema."

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka. Tangu siku hiyo, kila jioni kabla ya kufunga tunajaza za kesho. Fomu arobaini. Foleni haifiki tena getini, na mkuu wetu ametusifu mara mbili.

Kila baada ya miezi mitatu mimi ndiye ninayejumlisha majibu hayo na kuyapeleka juu. Kwa hiyo, kwa mujibu wa taarifa ninayoiandika kwa mkono wangu, hakuna mtu anayetibiwa kwetu ambaye anakunywa mizizi. Hata mmoja. Na nje ya geti letu, hatua kama ishirini hivi, kuna mzee ametandaza turubai lenye magome, mizizi na chupa, na wateja wake wanasimama pale wakiwa na kadi zetu mkononi.

Sasa nimwandike mama.

Mama ana miaka hamsini na minne. Ni Mpimbwe, amekulia kwenye mpunga, alikuja mjini alipoolewa na baba, na baba alipofariki akabaki hapa na mimi. Miaka mitatu iliyopita walimkuta na sukari. Anameza vidonge vya aina mbili, asubuhi na jioni, na hajawahi kuruka hata siku moja. Anaviweka kwenye kopo la chai, karibu na rozari yake, na anavimeza kwa heshima ileile.

Ana kaka mmoja tu, Mjomba Deusi. Yeye alihamia Ugalla zamani, anafuga nyuki. Mwezi wa saba alikuja na dumu la lita tano. Asali nyeusi ya msituni, nzito, na ndani yake amechanganya unga wa mizizi. Mjomba ana masharti yake ambayo aliyarithi kwa babu. Mzizi unachimbwa upande wa mawio na upande wa machweo, wa katikati unaachwa ili mti usife. Mchimbaji haongei na mtu mpaka afike nyumbani. Na jina la mti halitajwi. Ukilitaja, dawa inapoa.

Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Hiyo ndiyo dozi aliyoitoa.

Nilimwambia, "Mjomba, lakini mama ana sukari. Asali nayo ni sukari."

Alinitazama kwa huruma ya kweli. "Sukari inatoka kiwandani, mjomba. Asali inatoka kwa nyuki. Nyuki ana kiwanda?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Mjibu basi, msomi."

Msomi hakujibu. Nilisema mara moja, nikanyamaza. Ningeweza kusema mara ya pili. Ningeweza kuweka kijiko cha asali na kijiko cha sukari mezani nikaeleza nilichosoma, kwamba mwili hauulizi utamu umetoka kwa nani. Lakini mama alikuwa na furaha kwa sababu kaka yake amekuja. Na nyumbani kwetu asali haijawahi kuwa chakula. Ukikohoa unapewa asali, ukiungua unapakwa asali. Mambo hayo mawili, kikohozi na kidonda, hata wataalamu wameyachunguza na wanakubali inasaidia. Ndiyo ugumu wenyewe. Mjomba hakukosea kila kitu.

Mwezi wa nane mama akaja kliniki. Alisimama kwenye foleni yangu kama watu wengine, amejifunga kitenge chake cha njano. Nikachukua fomu kutoka kwenye rundo. Nikaandika jina la mama yangu. Macho yangu yakapita kwenye lile swali, yakaona tiki ya wino wangu kwenye Hapana, na nilijua si kweli. Nyuma yake palikuwa na watu thelathini. Pembeni yangu alikuwa Dada Zuhura. Nikafikiria nikifuta, nikiandika Ndiyo, wenzangu watasema karani mzima wa hospitali mama yake anakunywa mizizi.

Nikasaini.

Siku hiyo sukari ya mama ilikuwa imepanda. Daktari wa kliniki, Dokta Neema, akamwambia apunguze wanga. Mwezi wa kumi ikawa imepanda zaidi. Dokta akafungua faili, akaona hakuna kilichobadilika, hakuna pombe, hakuna dawa za asili, akaongeza vidonge. Mwezi wa kumi na mbili bado iko juu. Akaongeza tena. Fomu zote tatu nilizisaini mimi. Ya tatu sikumbuki hata kama niliitazama.

Wiki iliyopita asali ikaisha. Mjomba alisema barabara ya kwao imekatika kwa mvua, tusubiri. Mama akaacha asali, maana haipo, na akaendelea na vidonge vyake vyote kwa uaminifu. Hakuna aliyeona tatizo. Hata mimi sikuona, na mimi nilikuwa na habari zote kichwani. Vidonge vilikuwa vimeongezwa mara mbili ili kupigana na kitu, na sasa kile kitu hakikuwepo tena.

Jumanne asubuhi alikunywa chai, akameza vidonge, akaenda kupalilia. Mimi nilikuwa navaa viatu. Nilisikia jirani akipiga kelele. Nikamkuta mama amekaa kwenye matope kati ya mahindi, jasho linamtiririka kama amemwagiwa maji, anaongea Kipimbwe kwa haraka na mtu ambaye hayupo. Aliniita Deusi. Mikono yake ilikuwa inatetemeka na ya baridi. Nilimpakiza kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia, kichwa chake begani kwangu, na njia nzima alikuwa ananiuliza kama mpunga umeshaingizwa ndani.

Kipimo cha sukari kilisoma mbili nukta moja, na ya kawaida huanzia nne. Nesi alikirudia kwa sababu hakuamini. Wakamwekea dripu ya sukari. Baada ya muda alifumbua macho, akaniona, akasema, "Baba, mbona umechafuka hivyo?"

Nilitoka nje nikalia nyuma ya jengo la kufulia.

Kilichotokea baadaye ndicho kinachonikaba. Dokta Neema alikuja, akapima figo, zikawa nzuri. Akakaa kitandani kwa mama, faili mapajani, mimi nimesimama pale na sare yangu.

"Mama, sielewi," alisema. "Miezi yote sukari inakataa kushuka, leo imeshuka hivi. Umebadilisha nini? Unatumia kitu kingine?"

Akafungua fomu. Nikaona saini yangu kutoka pale niliposimama.

Mama alinitazama mimi kwanza. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyekamatwa. "Nilimeza mara mbili, dokta. Nilisahau kama nimeshameza. Ni uzee."

Hana uzee wowote. Anakumbuka kila mtu aliyechangia msiba wa baba.

Dokta akatikisa kichwa kwa upole. Akasema basi, atabaki wodini mpaka sukari itulie, Jumatatu atamruhusu, na atarudi kwenye dozi yake ileile. Halafu akanigeukia. "Wewe ni mwenzetu, bahati nzuri. Akitoka, vidonge vyake utashika wewe. Unampa kwa mkono wako, unahesabu."

Nikasema, "Sawa, dokta."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Sawa.

Dokta alipoondoka nilimwinamia mama nikamwambia hatuwezi kuacha hivi. Akanishika mkono. "Nyamaza, baba. Mimi sina mkataba wa kupoteza. Wewe unao." Mkataba wangu ni wa muda, unaisha mwezi wa tatu.

Siku zote hizi nimekuwa nikisoma. Kwenye simu, dirishani, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Nilitaka nipate mahali panaposema mizizi yote ni ujinga, ili nimkasirikie mjomba nipumzike. Sikupapata. Aina moja ya vidonge vya mama ukoo wake umeanzia kwenye mmea ambao watu wa Ulaya waliutumia zamani kabla hawajajua ndani yake kuna nini. Dawa mseto ya malaria, tunayoitoa kila siku, nusu yake imetoka kwenye jani. Mlonge, uwatu, karela, vyote vimejaribiwa kwa wagonjwa wa sukari, na kuna mahali vinaonekana kushusha kidogo. Lakini waliojaribiwa ni wachache, muda mfupi, na kila jaribio linapima unga tofauti. Wanaandika kwa tahadhari, inawezekana, huenda, ushahidi zaidi unahitajika. Kuna pia unga unaouzwa kama miti shamba tupu, ukipimwa unakutwa umesagiwa vidonge vya hospitali ndani yake.

Hakuna popote ambapo mtu amepima kijiko cha Mjomba Deusi.

Huenda mzizi wake unashusha sukari kweli, na asali ilikuwa inaificha kazi yake. Huenda haufanyi lolote. Huenda unaumiza ini polepole na tutajua baada ya miaka. Sijui. Dokta Neema hajui. Na tulikuwa na nafasi ya kujua, dirisha lenye swali, karatasi na kalamu, na mimi nikajibu kwa niaba ya kila mtu kabla hajafika.

Kuna njia ya tatu, nayo nimeifikiria sana. Vidonge nashika mimi. Naweza kumpa nusu, nikanyamaza. Hakuna atakayejua. Lakini mimi si daktari. Nikikosea kidogo tu atapanda au atashuka, na safari hii itakuwa siri juu ya siri, na mkono ule uleule.

Ijumaa nilimwambia Dada Zuhura. Alifunga mlango.

"Ukijitaja, umenitaja," alisema. Hakuwa na ukali, alikuwa na hofu kama yangu. "Nina watoto watatu, mdogo wangu. Mama yako amepona. Mungu amesaidia. Unataka nini tena?"

Tukajaza fomu za Jumatatu, kila mtu nusu yake. Ndiyo, nilizijaza. Mama akiwa wodini upande wa pili wa ukuta, nilitia tiki Hapana kwenye fomu ishirini.

Raundi ni saa nne. Dokta Neema yuko zamu leo. Naondoka sasa hivi kabla sijabadilisha mawazo. Naandika hapa ili nikirudi bila kusema, niione aibu hii imeandikwa.

*

Saa kumi na moja jioni. Niko ofisini, masjala.

Mama haongei na mimi.

Nilifika mapema, nikachukua ufunguo kwa mlinzi, nikatoa faili lake. Chuoni tulifundishwa jinsi ya kusahihisha kumbukumbu ya mgonjwa. Hufuti. Hupaki wino mweupe. Unapiga mstari mmoja tu juu ya kosa, ili kilichoandikwa kiendelee kusomeka, unaandika kilicho sahihi pembeni, unasaini, unaweka tarehe. Nilipata alama nzuri kwenye somo hilo. Sikuwahi kulitumia hata siku moja.

Nilipiga mstari juu ya Hapana ya mwezi wa nane. Nikaandika: Ndiyo. Asali na unga wa mizizi, vijiko viwili kutwa mara mbili. Nikafanya hivyo kwa mwezi wa kumi na kwa mwezi wa kumi na mbili. Kwenye fomu ya tatu mstari ulienda juu kama njia ya siafu. Nikauacha hivyohivyo.

Nilimkuta Dokta Neema kwenye chumba cha manesi, anakunywa chai. Nikaweka faili mbele yake, limefunguliwa. Nilikuwa nimeandaa hotuba, yote ikapotea.

Alisoma. Akasoma tena.

"Asali?" akauliza.

"Asali, dokta."

"Kila siku? Tangu mwezi wa saba?"

"Mpaka wiki iliyopita. Ikaisha."

Alihesabu kitu kwenye vidole vyake, midomo ikisogea bila sauti. Halafu akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo mimi nilikuwa naongeza dozi kupigana na dumu la asali," alisema. "Na kesho ningempa dozi hiyohiyo."

Kidole chake kikashuka mpaka kwenye nilichoandika pembeni.

"Na mizizi gani?"

Nikasema sijui. Nikaeleza habari ya jina kutotajwa. Nilidhani atacheka au atakasirika. Akasema tu, "Mpigie."

Nilimpigia Mjomba Deusi pale pale, simu ikiwa mezani, spika imewashwa. Mtandao wa kwao ni wa kubahatisha, lakini leo ulishika.

"Mjomba msomi!" alipaza sauti. "Barabara bado. Mwambie dada yangu avumilie, dumu lake nimeshalitenga."

"Mjomba, mama yuko wodini tangu Jumanne. Alianguka." Nilikuwa sijamwambia. Mama alinikataza.

Nilisikia mvua ya huko Ugalla ikipiga bati.

"Amekufa?"

"Hapana, mjomba. Yuko hai. Lakini daktari anataka kujua ule mti ni mti gani."

"Mti hautajwi. Unajua."

"Mjomba."

"Nisikilize. Simkatalii daktari. Nasema hautajwi." Sauti yake ilikuwa imeshuka, haikuwa ya utani tena. "Nitakuja nao. Mzizi, gome, jani, na ua kama nitalipata. Nitauweka mbele yake autazame kwa macho yake. Yeye kama analijua jina lake, alitaje yeye. Mdomo wangu utakuwa haujasema."

Dokta Neema alikuwa ameinama juu ya simu. "Shikamoo, mzee," alisema. "Tutakusubiri. Lete na jani. Na tafadhali, usilete asali."

"Marahaba. Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Ya kwako wewe, dokta, si ya mgonjwa."

Nesi aliyekuwa pale alicheka. Dokta naye karibu acheke. Mimi nilitaka sana kucheka, lakini niliona amerudi kwenye fomu, kidole chake kiko juu ya zile tiki nyingine, mzio, sigara, pombe. Akazitazama kwa muda mrefu. Halafu akageuza karatasi, akalinganisha na ya pili, na ya tatu.

"Hizi tiki zinafanana sana," alisema.

Nilijua swali linalokuja. Ningeweza kusema ni mwandiko wangu tu.

"Tunajaza jioni," nikasema. "Kabla hawajafika."

"Za mama yako?"

"Za wote, dokta."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Nikamwona anawapitia wagonjwa wake mmoja mmoja, yule ambaye presha yake haishuki, yule mama mjamzito aliyetokwa damu mwezi wa kumi na moja, yule mzee wa ini. Nilikuwa nawapitia mimi pia. Mafaili yao yako nyuma yangu sasa hivi ninapoandika, kwenye shelfu, na kila moja lina Hapana ya Zuhura au yangu.

Mwisho akasema, "Kesho saa mbili, ofisini kwa mkuu. Wewe na mwenzako." Akachukua faili la mama akaenda nalo wodini.

Dada Zuhura nimempigia. Nilimwambia nimesema, na nimemtaja. Akakata simu. Sijapiga tena.

Nilipoingia wodini Dokta alikuwa ameshamaliza. Amepunguza vidonge mpaka chini ya vile vya mwezi wa nane, atapimwa kila siku, ataruhusiwa namba zikitulia, huenda Alhamisi. Nikawaza jinsi kesho ningempa zile nyingi kwa mkono wangu, nikihesabu kama nilivyoagizwa.

Mama alikuwa ameangalia ukutani.

"Nilikuwa nimeshalimaliza jambo lile," alisema bila kugeuka. "Nimejiita mzee mbele ya wodi nzima. Sasa mimi ni mzee na ni mwongo. Na wewe huna kazi."

Nikamwambia sijui bado kama sina kazi.

Nilimmenyea chungwa, nikaliweka kwenye sahani, hakuligusa. Nilipokuwa nasimama kuondoka ndipo akauliza, bado anaangalia ukuta, "Na Deusi? Wamemkasirikia?"

"Hapana, mama. Wanamsubiri aje na mti."

"Auonyeshe?"

"Auonyeshe tu. Hatautaja."

Alifikiri. "Basi," alisema. Akavuta shuka mpaka shingoni.

Hilo ndilo neno la mwisho nililopata leo. Sijui lilikuwa la msamaha au la kunifukuza.

Nimerudi masjala kurudisha ufunguo, na mlinzi akasema hana haraka nao. Mvua imekatika. Mwanga unaingia kupitia lile dirisha dogo ambapo watu huinamia kutaja majina yao. Mezani liko rundo tulilolijaza Ijumaa, fomu arobaini, tayari kwa kesho. Zina namba, siwezi kuzichana.

Kwa hiyo nimekaa nazisahihisha. Mstari mmoja juu ya kila tiki, ili ionekane ilikuwepo. Saini. Tarehe. Hata zile za Dada Zuhura, nazo nasaini mimi. Nimefika ya kumi na saba, na nimesimama kidogo kuandika haya kwa sababu vidole vinauma.

Upande wa majibu nauacha wazi. Hata kama kesho saa mbili wataniambia nikabidhi, dirisha linafunguliwa saa moja. Nina saa nzima. Mtu wa kwanza ataniinamia, foleni nyuma yake, nami nitamuuliza kwa sauti ya chini, ya kusikika na yeye tu, kama kuna kitu anakunywa nyumbani. Atasema hapana.

Halafu sitaandika kwanza. Nitamngoja.